Je, wajua ni kwa nini ubishi wa nani bora kati ya DiMaggio na Williams haujaisha tangu 1941?

Katika msimu wa besiboli wa mwaka 1941 nchini Marekani, wachezaji wawili waliweka rekodi mbili ambazo tangu mwaka huo hadi leo hakuna mchezaji wa Ligi ya Marekani wala Ligi ya Taifa, ligi mbili kuu za mchezo huo, aliyezifikia. Joe DiMaggio wa New York Yankees alifanikiwa kupiga walau mara moja katika kila mechi kwa mechi 56 mfululizo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 16 Julai. Ted Williams wa Boston Red Sox naye alimaliza msimu kwa wastani wa 0.406, yaani katika zamu 456 zilizohesabiwa alifanikiwa mara 185.

Kwa asiyeujua mchezo huu, mpigaji huhesabiwa kuwa amefanikiwa anapoupiga mpira kwa gongo na kufika salama kituo cha kwanza bila ya kubebwa na kosa la walinzi. Anayefanikiwa mara tatu katika kila zamu kumi huitwa hodari, kwa hiyo kushindwa ndiyo hali ya kawaida ya kila mpigaji, na hapo ndipo ugumu wa rekodi zote mbili ulipo.

Williams aliingia siku ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba mjini Philadelphia, akiwa na wastani wa 0.39955, ambao vitabuni ungeandikwa 0.400. Meneja wake, Joe Cronin, alimwachia hiari ya kukaa benchi ili aihifadhi hesabu hiyo. Alikataa, akacheza mechi zote mbili za siku hiyo, akafanikiwa mara 6 katika zamu 8. Mfululizo wa DiMaggio ulikuwa umekatika mjini Cleveland tarehe 17 Julai, pale mlinzi wa kituo cha tatu, Ken Keltner, alipojisogeza karibu na mstari na mara mbili akaunasa mpira mkali uliokuwa ukimpita, kisha akaurusha kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Kukatika huko hakukumvunja moyo, kwani alianza mfululizo mwingine wa mechi 16.

Ni nani basi aliyekuwa bora? Waandishi wa michezo, ambao ndio waliopiga kura ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi, walimpa DiMaggio pointi 291 na Williams 254. Uamuzi huo una utetezi, kwa sababu Yankees walitwaa ubingwa wa ligi na Red Sox wakawa wa pili kwa mbali. Kura ya mwaka 1947 ndiyo ngumu kuitetea: Williams aliongoza ligi kwa wastani, kwa mipira iliyovuka uzio na kwa mbio (yaani pointi za timu) alizowezesha kufungwa, lakini DiMaggio akamshinda kwa pointi 202 dhidi ya 201.

Kiini cha ubishi kimo katika kile kilichohesabiwa na kile kilichoachwa. Mrushaji akirusha mipira minne isiyofaa, mpigaji asiyeigusa hupewa kituo cha kwanza bure, na wastani wa kupiga hauitambui kabisa faida hiyo. Mwaka 1941 Williams alipewa kituo kwa njia hiyo mara 147, kiasi kwamba alifika kituoni katika zaidi ya nusu ya zamu zake zote. Hata katika siku zile za mfululizo wa mechi 56, wastani wake ulikuwa 0.412 na wa DiMaggio 0.408. Kwa gongo peke yake, basi, sioni namna ya kumnyima Williams nafasi ya kwanza.

Lakini mchezaji hapigi tu. DiMaggio alilinda katikati ya uwanja, mahali penye eneo kubwa zaidi la kukimbilia, kwa ustadi ambao takwimu za enzi zile hazikuweza kuupima. Aidha, uwanja wake wa nyumbani ulimwonea: upande wa kushoto kuelekea katikati, ambako mpigaji wa mkono wa kulia kama yeye hupeleka mipira yake mingi mikali, uzio ulikuwa mbali mno. Kati ya mipira 361 aliyoivusha uzio katika maisha yake ya uchezaji, 148 tu ilikuwa ya nyumbani. Williams naye alipoteza misimu mitatu katika Vita Kuu ya Pili, kama DiMaggio, kisha sehemu kubwa ya misimu ya 1952 na 1953 akiwa rubani wa kivita huko Korea, na bado alivusha mipira 521.

Kuhusu ubingwa wa taifa, unaoshindaniwa na mabingwa wa ligi hizo mbili, DiMaggio aliutwaa mara 9 na Williams hakuutwaa hata mara moja, ingawa hesabu hiyo inaisifu timu zaidi ya mtu. Mwaka 1969 kura maalumu ilimtangaza DiMaggio kuwa mchezaji bora kuliko wote walio hai, naye tangu hapo alitaka atambulishwe kwa sifa hiyo hiyo kila alipoalikwa, ilhali Williams naye alikuwa bado hai.