Gari Limegoma Kuwaka? Umeme Upimwe Ukiwa Kazini

Mtu akinipigia simu kuniambia gari limegoma, namuuliza swali moja kabla hata sijajua ni gari gani: ulipogeuza ufunguo, umesikia nini? Wengi hushangaa, maana walitegemea niulize betri ina muda gani. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloigawa kazi. Kuna gari ambalo stata, ile mota ya umeme ya kuwashia gari, haizungushi injini, na kuna gari ambalo stata inazungusha vizuri ila injini haishiki. Hayo ni matatizo mawili ya njia mbili tofauti za umeme. Fundi anayeyachanganya atakununulisha betri leo, stata kesho, kompyuta ya injini keshokutwa, na gari litabaki pale pale.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam, na kinachoniuma kwenye kazi hii ni hela za watu zinazopotea kwa kubahatisha. Mita ya kawaida ya kupimia umeme si ghali. Ukijua mahali pa kuiweka, na hasa wakati wa kuiweka, sehemu kubwa ya kubahatisha inaisha.

Tuanze na stata. Umeme wake unapita njia mbili. Njia ndogo inatoka kwenye swichi ya ufunguo, inapita swichi ya gia, ile inayozuia gari la otomatiki kuwaka kama haliko P (gia ya kuegesha) au N (gia huru), inapita kwenye rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na kuishia kwenye waya mwembamba wa solenoidi, swichi ya sumaku iliyo mgongoni mwa stata. Njia kubwa ni ule waya mnene unaotoka betri moja kwa moja hadi stata, na umeme wake unarudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa athi, ule wa kurudisha umeme upande hasi wa betri. Njia ndogo inatoa amri, njia kubwa inabeba mzigo. Na mzigo wenyewe si mdogo: gari dogo la petroli kwa kawaida linakula ampea 100 hadi 200 wakati linapigwa stata, ilhali taa kubwa moja ya mbele ya wati 55 haifiki hata ampea 5.

Sasa sikiliza. Kama ni kimya kabisa na taa za dashibodi zinang'aa, mara nyingi amri haijafika kwenye stata. Peleka gia N ujaribu tena; likiwaka kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia ndiyo ya kushughulikiwa. Ukisikia "tak" moja nzito halafu basi, amri imefika na solenoidi imevuta, ila umeme mkubwa haupiti: kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimeisha, shaba za ndani ya solenoidi zimelika, au waya mnene una shida. Ikiwa ni "tikitikitiki" ya harakaharaka huku taa zinafifia, betri haina nguvu au vibano vyake vimelegea. Solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Na ukisikia mota inalia peke yake bila injini kuzunguka, basi bendeksi, gia ndogo ya stata, haishiki meno ya flaiwili, gurudumu kubwa la injini.

Betri yenye chaji kamili, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. 12.2 ni kama nusu ya chaji. Namba hizo ni za kweli, lakini peke yake hazitoshi kutoa hukumu. Kupima betri gari likiwa limezimwa ni kama kupima nguvu ya maji bomba likiwa limefungwa. Weka mita kwenye betri, mwenzako apige stata, wewe ukodolee macho namba. Betri nzima inatakiwa ibaki juu ya volti 9.6 hivi. Ikiporomoka hadi 7 au 6, imechoka, hata kama dakika moja kabla ilisoma 12.5. Lakini kama inabaki juu ya 11 na stata bado inazunguka kwa kusuasua, au haizunguki kabisa, betri usiiguse. Umeme upo, haufiki.

Kipimo kinachofuata ndicho ninachotamani kila mwenye gari akijue. Chukua waya mweusi wa mita, uweke kwenye kichwa chenyewe cha risasi cha upande hasi wa betri, si kwenye kile kibano kilichokikaba. Waya mwekundu uweke kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Mita isome chini ya volti 0.2. Ikisoma zaidi ya hapo, volti hizo zinaliwa njiani, kwenye athi, na stata haizipati. Hesabu yake ni nyepesi: mahali penye kutu pakizuia umeme kwa omu 0.01 tu, ampea 150 zikipita hapo zinapoteza volti 1.5. Ukipima omu 0.01 kwa mita ya kawaida gari likiwa limezimwa, itakuandikia karibu sifuri na utasema waya ni mzima. Ndiyo maana nasisitiza umeme upimwe ukiwa kazini. Kisha rudia upande chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata. Hapo usizidi volti 0.5.

Niliwahi kuletewa Corolla 110 kutoka Kigamboni, jirani kabisa na bahari. Mwenyewe ni mama mmoja mwalimu, alikuwa ameshanunua betri mpya, na baada ya betri akabadilishiwa stata. Asubuhi bado gari linasema "tak" na kunyamaza. Nilipopima upande wa athi wakati wa kupiga stata, mita ilipita volti 2. Waya wa athi unaotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye bodi ulikuwa mzuri kwa nje, mpira wake haujachanika. Nilipouchana karibu na kiunganishi, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimebaki chache zinazong'aa. Chumvi ya upepo wa bahari inapenya taratibu chini ya mpira, na jicho halioni. Tuliweka waya mpya, tukasugua bodi kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, tukakaza boliti na kuipaka grisi juu ili hewa isiingie. Likazunguka kwa nguvu. Akaniuliza, "Fundi, kwa hiyo ile stata yangu ya mwanzo ilikuwa nzima?" Ilikuwa nzima, mama.

Dalili moja ya athi mbovu ambayo watu hawaitilii maanani: baada ya kupiga stata mara kadhaa, shika kebo ya gia au ya akselereta. Ikiwa ya moto, ina maana umeme wa stata umekosa njia yake na unarudi betri kupitia kebo hiyo.

Tuhamie kwa gari linalozunguka vizuri bila kushika. Injini ya petroli inahitaji mafuta, hewa iliyogandamizwa na cheche, vyote kwa wakati wake. Mafuta nitayapitia haraka: washa swichi bila kupiga stata, na kwenye magari mengi ya injekta utasikia pampu ikivuma kwa sekunde chache kwenye tangi. Kuna Toyota nyingi ambazo pampu haingurumi hadi stata ipigwe, kwa hiyo kimya hapo kisikutishe, pima kwanza. Nataka kukaa kwenye cheche.

Mfumo wa kuwasha kwa betri na koili tunaoutumia mpaka leo chimbuko lake ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Ni yeye pia aliyetengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, na kuwaondolea madereva adha ya kuzungusha injini kwa hendeli. Koili ina nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba mno wenye mizunguko kama mara 100 ya ule wa kwanza. Umeme wa betri ukipita kwenye waya mnene unajenga usumaku. Cheche haitokei hapo. Inatokea pale umeme unapokatwa ghafla: usumaku unaporomoka, waya mnene unaruka hadi volti mia tatu na zaidi, na waya mwembamba unatoa volti 20,000 hadi 30,000 na zaidi, za kutosha kuruka pengo la plagi ndani ya silinda yenye mgandamizo.

Ukilishika hilo, mifumo yote mingine inaeleweka, kwa sababu kilichobadilika ni yule anayekata umeme. Kwenye Peugeot 504 na magari ya enzi zake, pointi za chuma ndizo zilizokata, na pengo lake la karibu milimita 0.4 lilihitaji kurekebishwa kila zilipolika. Baadaye transista zikachukua kazi hiyo, lakini distributa ikabaki kugawa cheche kwa plagi. Injini ya 5A-FE ya Corolla 110 nyingi bado ni ya namna hiyo. Hapo kagua kifuniko cha distributa kama kina nyufa au mistari myeusi ya kaboni, kagua rota inayozunguka ndani yake, na pima waya za plagi; Toyota inataka waya mmoja usizidi kiloomu 25. Kwenye Toyota IST, yenye 1NZ-FE au 2NZ-FE, distributa haipo kabisa. Kila plagi ina koili yake juu yake, na kompyuta ndiyo inayoamua lini umeme ukatwe.

Koili hizi za IST zina waya nne, na hapa mafundi wengi hupata tabu. Mmoja unaleta umeme wa swichi, mmoja ni athi. Wa tatu, unaoitwa IGT, unapeleka amri kutoka kwenye kompyuta. Wa nne, IGF, unarudisha taarifa kwamba koili imefanya kazi. Kompyuta isipopata taarifa hiyo, inakata mafuta ya injekta, kwa sababu mafuta yasiyoungua yakimwagika kwenye ekzosi yataunguza kile kichujio cha moshi. Ndipo unapata gari linalowaka sekunde moja au mbili na kuzima, kila ukijaribu. Mtu anabadilisha pampu, anasafisha injekta, kumbe waya mmoja wa IGF umekatika au umegusana na chuma. Na kwa kuwa IGF za koili zote nne zinaungana kuwa waya mmoja, tatizo la sehemu moja linaweza kuonekana ni la injini nzima. Kabla ya kununua koili, chomoa soketi yake, washa swichi, hakikisha umeme wa betri unafika na athi ni nzima. Kisha fuatilia waya hadi kwenye kompyuta.

Kama hakuna cheche kwenye silinda hata moja, na injekta nazo zimenyamaza, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa mhimili wa injini. Bila sensa hiyo kompyuta haijui kama injini inazunguka. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta na uangalie mizunguko ya injini wakati unapiga stata: ikisoma sifuri huku injini inazunguka kwa macho yako, umelipata. Sensa hizi zina tabia ya kugoma zikipata moto. Gari linazima kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana, linakaa nusu saa, linawaka kama halijawahi kuumwa. Ukilipeleka gereji likiwa limepoa, kila kipimo kinatoka sawa. Gari la hivyo lipimwe likiwa moto, pale linapokataa.

Kuhusu kujaribu cheche, nawaomba sana muache kuchomoa waya wa plagi na kuushikilia hewani. Volti zikikosa pa kurukia zinatafuta njia ndani ya koili na kuitoboa, na zikikupata wewe si jambo dogo, hasa kwa mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, ambaye hatakiwi kabisa kukaribia. Tumia kipimia cheche kilichobanwa kwenye chuma cha injini, na chomoa soketi za injekta kwanza ili petroli isimwagike karibu na moto.

Plagi zenyewe zinasema mengi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo huchafua plagi na kulifanya gari liwe gumu kuwaka asubuhi. Pengo kwenye injini ya IST ni milimita 1.1; likipanuka kwa kulika, koili inalazimika kupandisha volti zaidi na nayo inakufa mapema. Plagi bandia zimejaa mtaani, kwa hiyo bei ikiwa chini mno, angalia maandishi kwenye kauri na usawa wa ncha kabla ya kulipa. Na tafadhali msioshe injini kwa presha. Maji yanaingia kwenye visima vya plagi, yanakaa chini ya mpira wa koili, na kesho yake cheche inapita pembeni badala ya kuruka ndani ya silinda. Ikishatokea, chomoa koili, puliza maji kwa hewa, kausha mpira.

Jambo la mwisho ni la magari yanayowashwa kwa kitufe badala ya ufunguo, kwa sababu simu zake zimeongezeka. Gari haliwaki mpaka kompyuta ione umekanyaga breki, na inajua hilo kupitia swichi ile ile ya taa za breki. Mwambie mtu asimame nyuma, ukanyage. Isipowaka hata taa moja, angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedali. Ukiwa umekwama njiani, kwenye Toyota nyingi weka gia P, vuta breki ya mkono, bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili gari liingie ACC (hali ya vifaa kama redio bila injini), halafu kanyaga breki kwa nguvu huku umeshikilia kitufe kwa sekunde kama 15. Litawaka likufikishe kwa fundi, ila taa za breki hazitakuwepo, kwa hiyo endesha taratibu na uache nafasi.