Barua Pepe Kwenye Simu: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Watu wengi huanza kuhangaika na barua pepe siku wanapoihitaji kwa haraka, kama vile wanapotaka kujisajili katika mfumo wa maombi ya ajira, na simu inapowakatalia hujiona wao ndio wasiojua. Mara nyingi kosa si lao. Wameshika maelezo yasiyo sahihi, na mengine wameyapata kwenye kioo cha simu yenyewe.

Ujumbe unaosema nenosiri si sahihi huchukuliwa na karibu kila mtu kuwa ushahidi kwamba nenosiri limekosewa. Huenda ikawa hivyo, lakini si lazima. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu zinazoingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa anwani na nenosiri la kawaida pekee, na Microsoft ikachukua hatua kama hiyo kwa anwani za Outlook na Hotmail mnamo Septemba 2024. Kwa hiyo programu ya zamani iliyokuja na simu inaweza kupewa nenosiri sahihi kabisa, nayo ikadai limekosewa, kwa sababu seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza barua, imeikataa njia yake ya kuingilia. Mwenye simu hubadilisha nenosiri mara tatu, mara nne, hadi hakumbuki lipi lilikuwa la mwisho, ilhali alichohitaji ni programu inayomfungulia ukurasa wa Google au wa Microsoft ili aingie kutokea hapo.

Wakati mwingine sababu ni ndogo kiasi cha kutoonekana. Nilipokuwa nikimsaidia shangazi yangu, tuliandika anwani yake mara kadhaa ikakataliwa, mpaka nilipogusa mwisho wa anwani nikaona kishale kimesimama mbali kidogo na herufi ya mwisho. Kibodi ilikuwa imependekeza anwani na kuongeza nafasi tupu mbele yake. Tulifuta nafasi hiyo moja, akaunti ikafunguka.

Wenye anwani za ofisini wana dhana yao: kwamba barua zikiingia, basi hata kutuma kutafanya kazi. Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, na kila moja ina mipangilio yake. Kupokea kuna mifumo miwili, IMAP na POP3, na kila mfumo hupitia poti yake, yaani namba ya mlango wa seva: IMAP hupokea kwa poti 993, POP3 kwa poti 995, na kutuma kwa kawaida hupitia poti 587 au 465. Ukiweza kuchagua, chagua IMAP, kwa kuwa barua hubaki kwenye seva na kuonekana kwenye kila kifaa, wakati POP3 huzishusha kwenye simu na, kulingana na ilivyopangwa, huzifuta kwenye seva. Simu hiyo ikiibiwa, barua zimekwenda nayo.

Kuchelewa kwa barua nako husingiziwa bando au mtandao kila mara, hata pale ambapo mwenye simu amewasha hali ya kuokoa chaji, inayoizuia programu kufanya kazi ikiwa haijafunguliwa.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kuiona barua pepe kuwa sehemu ya simu, jambo la kufunguliwa na fundi dukani siku ya kununua. Fundi hubuni nenosiri, huweka namba yake mwenyewe ili kazi iishe upesi, na mteja huondoka akifurahia simu mpya bila kujua kwamba ana akaunti asiyoweza kuiingia. Tatizo hujitokeza simu inapokwama na mtu akaifuta yote kwa kubonyeza vitufe vya pembeni: tangu Android 5.1, simu nyingi zikifutwa kwa njia hiyo hudai akaunti ya Google iliyokuwemo awali au namba ya kufungulia kioo. Hakuna ubaya kusaidiwa na fundi, lakini ukifika wakati wa kuandika nenosiri na namba ya simu, ichukue simu uandike mwenyewe, kisha uyahifadhi mahali nje ya simu hiyo. Namba iwe ile unayoitumia, kwa sababu laini ikilala muda mrefu kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine namba hiyo, na tarakimu za uthibitisho zikamfikia yeye. Ukiamua kuiacha laini, badilisha kwanza namba iliyo kwenye akaunti wakati ile ya zamani bado inapokea ujumbe.