Vichocheo vya Nano: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Vichocheo vya nano, yaani chembe ndogo mno, hasa za metali, zinazoharakisha mmenyuko wa kikemia (badiliko la dutu kuwa nyingine), ni mambo ya maabara ambayo bado hayajafika viwandani.

Ukweli: Viwanda vya kusafisha mafuta vimekuwa vikitumia chembe ndogo mno za platini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na kuanzia mwaka 1975 magari mengi mapya ya Marekani yalifungwa kifaa chenye metali hiyo ili kupunguza sumu katika moshi. Kilicho kipya ni uwezo wa kuziona chembe hizo kwa hadubini za elektroni na kuziunda kwa ukubwa unaotakiwa.

Dhana: Kadiri chembe inavyokuwa ndogo, ndivyo kichocheo kinavyokuwa bora.

Ukweli: Mmenyuko hutokea juu ya uso wa metali. Chembe yenye upana wa nanomita 2 au 3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) huwa na karibu nusu ya atomu zake usoni, ilhali katika kipande kinachoonekana kwa macho karibu atomu zote zimefichika ndani, zimenunuliwa kwa bei ghali na hazifanyi kazi. Hapo ndipo wengi huishia, nao hukosea, kwa sababu kila metali ina kipimo chake. Dhahabu, iliyodharauliwa kwa muda mrefu kuwa haichochei chochote, ilithibitishwa na mwanakemia Masatake Haruta wa Japani na wenzake mwaka 1987 kwamba, ikigawanywa kuwa chembe za nanomita chache na kushikizwa juu ya oksidi za metali nyingine, huunguza gesi ya sumu ya kaboni monoksidi hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kobalti, ambayo viwanda vya Qatar huitumia kugeuza gesi asilia kuwa dizeli, ni kinyume chake: chembe zikiwa chini ya takribani nanomita 6, utendaji wake hushuka.

Dhana: Kichocheo hakiliwi na mmenyuko, kwa hiyo hudumu milele.

Ukweli: Hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi. Ni kweli kwamba hakiliwi, lakini huchakaa. Joto kali husogeza chembe hadi zikaungana kuwa kubwa, na hivyo uso wa kufanyia kazi hupungua ingawa platini yote ingali humo. Risasi, metali yenye sumu iliyokuwa ikichanganywa katika petroli, iliifunika platini na kuiua kabisa. Kwa hiyo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, hazikulinda ubongo wa watoto tu, bali pia zilifungua njia kwa vifaa hivyo vya magari kufanya kazi. Salfa katika mafuta bado huvidhoofisha, na injini yenye plagi mbovu hupeleka petroli isiyoungua hadi ndani ya kifaa, ambako huungulia na kupandisha joto kiasi cha kuyeyusha kauri inayozibeba chembe.