Charleston: nyumba nyembamba hazikujengwa ili kukwepa kodi

Karibu kila mteja anayenunua nyumba ya zamani mjini Charleston, Carolina Kusini, hunijia na maelezo yaleyale, tena kwa uhakika wa mtu aliyeyasoma kwenye hati ya nyumba: kwamba nyumba hizi zimeelekeza ubavu wake mwembamba barabarani kwa sababu zamani kodi ilitozwa kwa upana wa mbele. Nimechoka kuyasikia.

Sheria ya kodi hiyo haijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote, na hata kama ingekuwepo, hoja yenyewe isingesimama. Nyumba ya aina hii ina upana wa chumba kimoja tu, lakini pembeni mwake kuna varanda ndefu ya ghorofa mbili au zaidi, na baada ya varanda kuna ua au bustani, vyote vikiwa kwenye kiwanja kilekile kinachopakana na barabara. Kama kodi ingefuata upana wa kiwanja, kuibana nyumba kusingemwokolea mwenyewe hata senti moja.

Sababu ya kweli inaonekana kwa yeyote anayesimama ndani mwezi wa Julai. Viwanja vilikatwa vyembamba na virefu, na joto la huko lina unyevu mzito; kwa hiyo wajenzi wa karne ya 18 walipanga vyumba viwili kila ghorofa, ngazi ikiwa katikati, ili kila chumba kipitishe upepo, na wakaiweka varanda upande wa kusini au wa magharibi ikinge ukuta dhidi ya jua. Ukuta wa upande wa pili ulipewa madirisha machache, kwa kuwa unatazama varanda ya jirani. Hata mlango wa barabarani humwingiza mgeni kwenye varanda, na mlango halisi wa nyumba uko katikati ya varanda hiyo. Ndiyo maana hukasirika ninapoombwa kuiziba varanda kwa vioo ili iwe sebule yenye kiyoyozi: anayefanya hivyo ameondoa kiungo kinachoifanya nyumba ipumue, kisha atalalamika kuhusu bili ya umeme.

Kuhusu zile nyumba 13 za rangi za Rainbow Row, safu maarufu ya nyumba mjini humo, hazikupakwa hivyo ili mabaharia walevi watambue kwao, kama wengi wanavyosimulia. Rangi hizo zilianza miaka ya 1930, baada ya Dorothy Porcher Legge kununua nyumba mbili katika safu hiyo mwaka 1931 na kuzipaka waridi.

Vile vibamba vya chuma vinavyoonekana kwenye kuta, ambavyo vingi viliwekwa baada ya tetemeko la Agosti 31, 1886, ni ncha za fito zinazopita ndani ya jengo kuzuia kuta zisiachane. Haviifanyi nyumba kuwa salama dhidi ya tetemeko jingine, na asiyekagua kutu yake asivitegemee.

Majengo ya uani, ambayo madalali hupenda kuyaita banda la magari ya farasi, mara nyingi yalikuwa jiko na makazi ya watumwa. Matofali ya mji huu nayo yalifinyangwa na watumwa, na kwenye baadhi yake alama za vidole bado zinaonekana.

Hatimaye, saruji. Wateja huamini kwamba kwa kuwa ni ngumu, itaufaa zaidi ukuta wa kale. Matofali yale ni laini na yaliungwa kwa chokaa, ambayo mara nyingi ilipatikana kwa kuchoma magamba ya chaza. Unyevu huingia ukutani na kutokea kwenye maungio. Ukiyaziba maungio kwa saruji, unyevu hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, na uso wake humeguka. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja, aliyezoea chokaa ya matumbawe, hahitaji kuelezwa hili. Wateja wangu huhitaji kuelezwa mara tatu, na ya tatu huwa wameshikilia tofali lililomeguka mkononi.