Je, wajua posti ya mwanasiasa ikishafutwa hupatikanaje tena?

Msimu wa uchaguzi Mwanza una ratiba yake. Jioni kuna mkutano Furahisha, spika zinasikika mpaka Kirumba. Usiku mgombea anashika simu na kuposti yale aliyoyasema, pengine na mengine aliyosahau kuyasema. Tuseme huyu wetu anagombea udiwani, na saa nne usiku ameandika kwamba akipita, wachuuzi wa dagaa pale mwaloni hawatatozwa ushuru tena. Asubuhi posti haipo. Kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka skrinishoti. Ikifika mchana inarudi skrinishoti ile ile, safari hii imegongwa muhuri mwekundu: UZUSHI, IPUUZWE.

Nani mkweli? Kwa skrinishoti peke yake huwezi kujua. Kijana yeyote mwenye simujanja anaweza kutengeneza posti ya uongo yenye jina, picha na tiki ya buluu ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo nafuu ya mwanasiasa aliyeandika kweli: anaruka kimanga, na nusu ya grupu inamwamini.

Njia za kumbana zipo, ila wengi wanazielewa kinyume. Wanadhani kuna fundi mahali fulani anayeingia kwenye seva za kampuni na kufukua kilichofutwa. Hakuna. Anayekuonyesha posti iliyofutwa alikuwa nayo kabla haijafutwa. Kazi yote hufanyika mapema, wakati posti bado haijamshughulisha mtu.

Waliolifanya hili kwa mpangilio ni Politwoops. Mradi huo ulianzia Uholanzi mwaka 2010, chini ya watu wa Open State Foundation, na mwaka 2012 Sunlight Foundation wakaupeleka Marekani. Programu ilipewa orodha ya akaunti za wabunge na wagombea, ikawa inapokea kila walichoandika Twitter na kukihifadhi. Sasa, Twitter ilikuwa na utaratibu wake: mtu akifuta posti, kampuni inatuma taarifa kwa programu zote zilizounganishwa nayo kwamba posti namba fulani imefutwa, nanyi ifuteni. Politwoops ikishapata namba hiyo inaitafuta posti kwenye hifadhi yake na kuiweka hadharani, ikiwa na saa iliyoandikwa na saa iliyofutwa. Yaani lile agizo la kufuta ndilo lililokuwa likiiamsha.

Uhondo uko kwenye muda kati ya saa hizo mbili. Aliyefuta baada ya sekunde kumi amekosea herufi, huyo mwache. Sunlight walikuwa na watu wa kupitia na kuondoa makosa madogo ya namna hiyo. Aliyefuta baada ya siku mbili tatu, upepo ukiwa umegeuka, ana la kujieleza. Mwisho wa Mei 2014 askari wa Marekani Bowe Bergdahl aliachiwa baada ya kushikiliwa na Taliban kwa karibu miaka mitano. Wanasiasa kadhaa wakaposti furaha yao. Kisha yakazuka malalamiko kwamba amebadilishwa na wafungwa watano wa Taliban, na kwamba aliondoka mwenyewe kituoni kwake. Pongezi zikaanza kuondolewa moja moja, na Politwoops ilikuwa tayari inazo.

Kampuni haikufurahi. Mwaka 2015 Twitter ilikata huduma, kwanza kwa toleo la Marekani, halafu Agosti kwa matoleo ya nchi nyingine. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mtumiaji, awe mwanasiasa au la, ana haki ya kufuta alichoandika. Ni hoja yenye uzito, ila mimi naona inamfaa mama ntilie wa Buzuruga kuliko anayemwomba kura. Kelele zikapigwa, na mwaka ulipokuwa ukiisha Twitter ikalegeza. ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha huko huko, wakalichukua toleo la Marekani mwaka 2016. Baada ya kampuni kupata mmiliki mpya Oktoba 2022, milango ya data ikafungwa au ikawekewa bei, na mwaka 2023 toleo hilo likashindwa kuendelea.

Kwa hiyo anayetaka kutunza leo anategemea mikono yake na zana chache.

Cha kwanza ni kiungo. Namba ndefu iliyo mwishoni mwa kiungo cha posti ya X, ndiyo Twitter ya zamani, ina saa ndani yake: sehemu yake kubwa ni hesabu ya milisekunde kuanzia tarehe 4 Novemba 2010. Hata posti ikifutwa, mwenye namba hiyo anaweza kukokotoa iliandikwa lini mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Maneno yenyewe hatayapata. Lakini mtengeneza uzushi mara nyingi hana kiungo kabisa, na akibuni, saa iliyo kwenye namba itagombana na saa iliyo kwenye picha yake. Mtu akikurushia skrinishoti, muulize kiungo kabla hujamuuliza kingine.

Cha pili ni Wayback Machine ya Internet Archive, taasisi ya San Francisco iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Unabandika kiungo, seva zao zinaufungua ukurasa zenyewe na kubaki na nakala. Ubora wake ni kwamba shahidi anakuwa mtu wa tatu, asiyejua Igoma wala Pasiansi na asiye na mgombea. Nakala hupewa anwani yenye tarakimu 14. Ukikuta, kwa mfano, 20250914191530, huo ni mwaka 2025, mwezi wa 09, tarehe 14, saa 19 na dakika 15 na sekunde 30. Usikimbilie kusema ni saa moja na robo usiku. Saa hizo ni za dunia, na Mwanza tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni saa nne na robo usiku. Usipoziongeza, itaonekana umehifadhi posti kabla haijaandikwa, na muhuri mwekundu utakuhusu wewe.

Tatizo ni kwamba X ilizuiwa nchini Mei 2025, na siasa za kata hata hivyo ziko zaidi Facebook, Instagram na WhatsApp. Huko Wayback Machine mara nyingi huambulia ukurasa wa kukutaka uingie kwa nywila. Stetasi ya WhatsApp nayo inaondoka yenyewe baada ya saa 24. Hapo kinachosaidia ni kurekodi skrini kwa video: anzia kwenye ukurasa wa akaunti, teremka taratibu mpaka kwenye posti, gusa tarehe, fungua maoni. Inakula bando, lakini video ya namna hiyo ni kazi kubwa zaidi kuighushi kuliko picha moja iliyokatwa.

Faili hilo ulipitishe kwenye programu ya kukokotoa SHA-256, hesabu inayolipa faili kitu kama alama yake ya kidole. Itakupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Utume kwenye grupu siku hiyo hiyo, hata kama hakuna anayeelewa ni kitu gani. Miezi sita baadaye mtu akidai umeichezea video, mnaikokotoa upya mbele yake. Kumbuka tu kwamba inathibitisha faili halijaguswa tangu siku ile. Kama lilikuwa la uongo tangu mwanzo, litabaki la uongo lisiloguswa.

Mambo haya yanaingia hata mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huo huo, inaweza kumkamata anayesambaza taarifa za uongo, kwa hiyo skrinishoti ya kughushi ni hatari kwako kuliko kwa diwani.

Bungeni mambo ni rahisi zaidi. Mbunge wa Nyamagana au Ilemela akisema neno linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Akitakiwa afute kauli anasimama na kuifuta mbele ya wenzake, na huko kufuta nako kunaandikwa.

Mtandaoni utetezi unaopendwa zaidi ni kwamba akaunti ilidukuliwa, ukifuatiwa na ule wa kijana wa mitandao aliyeposti bila kutumwa. Huu wa pili hifadhi haiwezi kuuvunja; inakuonyesha akaunti, haikuonyeshi kidole cha nani. Wa kwanza unavunjika kirahisi kama ulihifadhi ukurasa mzima badala ya posti moja. Unatazama kilichotangulia na kilichofuata usiku ule. Ukikuta dakika tano baada ya ahadi ya ushuru akaunti hiyo hiyo iliwashukuru wana-Kirumba kwa kufurika mkutanoni, na shukrani hizo hadi leo hazijafutwa, basi huyo mdukuzi alikuwa na adabu sana.