Jinsi Sarafu za Castile Zilivyofuliwa kwa Nyundo

Mtu anayeshika kwa mara ya kwanza real ya fedha ya Castile, ufalme wa zamani katika Hispania ya leo, sarafu iliyoanza kutolewa enzi ya Mfalme Pedro I katikati ya karne ya 14, mara nyingi hudhani ameshika sarafu bandia. Ukingo wake si duara kamili, maandishi yamekatika upande mmoja, na herufi P yenye taji imekaa upogo. Kasoro hizo peke yake si dalili ya ughushi, kwa kuwa zinatokana na namna sarafu yenyewe ilivyotengenezwa.

Fedha iliyeyushwa tanurini, ikachunguzwa ubora wake, kisha ikasubiwa kwenye kalibu na kuwa mikuo mirefu. Mafundi waliifua mikuo hiyo juu ya fuawe hadi ikawa bapa, wakiirudisha motoni kila ilipokuwa ngumu, kwani fedha inayofuliwa kwa muda mrefu bila kurudishwa motoni hupasuka. Bapa lilikatwa kwa mkasi mzito kuwa vipande, na kila kipande kilichozidi uzito kilipunguzwa pembeni. Hapo ndipo zinapotoka pembe tunazoziona ukingoni: fundi alijali mizani kuliko umbo.

Kupiga chapa kulihitaji mihuri miwili ya chuma. Muhuri wa chini ulikuwa na mwiba uliokita imara katika gogo, na wa juu ulishikwa kwa mkono. Kipande cha fedha kiliwekwa katikati, nyundo ikashuka. Kipande kikisogea kidogo kati ya pigo la kwanza na la pili, ngome iliyochorwa kwenye sarafu huonekana mbili, na mwenye jicho makini anaweza kuona mnara wa pili ukichungulia nyuma ya wa kwanza. Muhuri wa juu, uliopokea pigo moja kwa moja, ndio uliochakaa upesi zaidi.

Sheria iliyotolewa mjini Medina del Campo mwaka 1497 na Malkia Isabel na Mfalme Fernando iliagiza real 67 zitoke katika marki moja ya fedha, yaani takriban gramu 230, hivyo kila moja ilipaswa kuwa na gramu 3.4 hivi. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa sarafu ya namna hii huanzia kwenye mizani. Iliyopungua sana huenda ilikatwa ukingo na wezi, ambao walinufaika kwa kuwa hapakuwa na duara kamili la kuwaumbua.

Mashine za kugandamiza zilifika mji wa Segovia miaka ya 1580, zikiendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto, lakini karakana nyingine za Hispania ziliendelea na nyundo kwa miaka mingi baadaye.