Saa ya babu, mafuta ya nazi na maneno ya mtaani

Babu alipofariki kule Mikindani, mimi niliachiwa saa. Seiko 5, mkanda wa chuma umelegea, uso wa bluu umepauka upande wa saa tisa. Ilikuwa ikisimama mara kwa mara, nikaifungua mgongo kwa kisu na kudondoshea matone mawili ya mafuta ya nazi. Ilitembea siku tatu. Fundi saa mmoja karibu na Soko Kuu la Mtwara alipobana lenzi jichoni na kuchungulia ndani, alicheka mpaka akaiweka mezani. "Mjukuu wangu, hii saa ulikuwa unaivaa au unakaangia samaki?"

Tangu siku hiyo hupenda kukaa kwenye benchi lake nikisikiliza wateja. Mengi wanayoyasema niliyaamini mimi pia.

"Mafuta ni mafuta." Hii iliniumbua, basi niianze. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nani hapa hajaona chupa imekuwa nyeupe asubuhi ya Julai? Ndani ya saa yanachacha, yananasa vumbi, kisha yanatambaa hadi kwenye ule unywele mwembamba wa gurudumu la mizani, mizunguko yake inagandana na majira yanapotea. Mafuta ya saa ni ya aina zaidi ya moja: mepesi kwa ncha za magurudumu yaendayo mbio, mazito kwa sehemu zinazobeba nguvu ya kamani, ile springi inayoiendesha saa. Tone lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha pini. Meno ya magurudumu kwa kawaida hayapakwi kitu. Ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu nayo ikae mbali. Yangu ilibidi ivunjwe yote, kipande kwa kipande, ioshwe kwa benzini.

"Mbona inatembea? Service ya nini?" Saa hutembea hata mafuta yakiwa yamekauka, ila hapo chuma kinasaga chuma, na vumbi linafanya kazi ya msasa. Siku itakaposimama, ncha za magurudumu zimeshalika. Miaka minne au mitano ikipita, ipelekwe hata kama haijalalamika.

"Imeandikwa 21 jewels, ndani mna madini." Tunduru, kwenye machimbo ya vito, si mbali na sisi, kwa hiyo habari ya mawe humkolea mtu haraka. Yaliyomo ni rubi kweli, lakini ni rubi ya kiwandani. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kuitengeneza mwaka 1902, na tangu hapo bei yake ikawa ya kawaida kabisa. Kazi yake ni ya bushi: ncha ya chuma inazunguka ndani ya jiwe gumu linaloteleza bila kulila. Kubomoa saa nzima kwa ajili ya mawe hayo ni kuchinja ng'ombe ili upate kwato.

"Nikitia ufunguo haikazi, kamani imekatika." Huenda haijakatika. Seiko 5 nyingi za zamani, zikiwamo zenye mashine ya 7009 na hata 7S26 iliyokuja baadaye, hazitiwi ufunguo kabisa. Ndani mna bamba zito linalozunguka mkono unapotembea, nalo ndilo linalokaza kamani. Iache kabatini siku mbili, itasimama, maana akiba yake ni saa 40 hivi. Itikise kidogo, uivae. Haina betri ya kubadilisha.

"Namba ya nyuma itakwambia bei." Namba ya nyuma inakwambia umri na mashine. Kwenye Seiko, tarakimu nne kabla ya kistari ni mashine. Kwenye namba ya pekee ya kila saa (serial number), tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi; Novemba ni N na Desemba ni D. Shida ni kwamba muongo hautajwi. Inayoanza na 3 inaweza kuwa ya 1973, 1983 au hata 2003, hapo mashine ndiyo inayoamua: 7S26 ilianza 1996, basi haiwezi kuwa ya 1973.

Na uzee si bei. Seiko 5 za kawaida zilitengenezwa kwa wingi mno. Anayejua kununua anatazama kama uso, akrabu, kasha na mashine vilitoka pamoja. Ndiyo maana kupaka uso rangi mpya, ambako wengi wanadhani kunapandisha thamani, kunaishusha. Kung'arisha kasha mpaka kingo zinakuwa duara ni vivyo hivyo. Ule mpauko wa babu nimeuacha.

"Imeandikwa haiingii maji." Iliandikwa ikiwa mpya. Mipira ya mgongoni na kwenye kitufe cha pembeni hukauka, na upepo wetu wa chumvi hauhitaji hata uzame. Ukiona ukungu ndani ya kioo, mkimbilie fundi siku hiyo hiyo.

Jambo dogo: tarehe usiisogeze kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Meno ya kuibadili yameshashikana wakati huo, ukilazimisha yanavunjika.

Ya babu ni 7009, namba yake inaanza na 7N. Novemba 1977 au 1987, mimi na fundi tukabishana. Nikampigia bibi.

"Aliinunua kwa korosho za mwaka aliozaliwa mjomba wako," akasema.

Mjomba ni wa 1978.